UZI: Madarasa ya UVIKO yaliisha miezi mitatu tu, kwanini boma lenu la kijiji mpaka leo halijapauliwa?

Mchumi wa Mipango

Wakuu habari za mchana. Uzi huu ni mrefu, asiye na bando apite tu mapema. Kuna swali linaulizwa kila mkutano wa kijiji na humu ndani pia kila baada ya wiki mbili, kwamba mbona boma la darasa (kuta tupu bila paa) tumejenga wenyewe mpaka kwenye renta, pale juu ya madirisha, alafu halmashauri wanashindwa kumalizia? Majibu siku zote ni mawili, ama "halmashauri wamejaa wezi" ama "halmashauri wamejaa wavivu". Mimi niko idara ya mipango kwenye halmashauri moja ambayo sitaitaja, sikatai wezi wapo na wavivu tunao, ila wezi hao hao na wavivu hao hao ndo walisimamia madarasa 15,000 nchi nzima kati ya Oktoba na Desemba 2021. Hilo mnalielezaje?

Kwa waliosahau, Septemba 2021 IMF walipitisha mkopo wa dola milioni 567 kwa hela yetu kama trilioni 1.3, na Oktoba 10 Rais Samia akazindua pale Dodoma ule mpango wa ustawi na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Ndani yake kulikuwa na madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (zile ndogo zilizo chini ya shule mama), kila darasa milioni 20 pamoja na viti na meza. Januari 2022 kidato cha kwanza wakaingia kwa mkupuo, hakuna cha kusubiri chaguo la pili. Mafundi walikuwa wale wale wa mtaani, mhandisi wa halmashauri yule yule, wakuu wa shule wale wale na kamati zile zile. Hakuna mtumishi aliyetoka mbinguni.

Kilichobadilika ni kitu kimoja, hela ilitangulia kazi.

Sasa twende taratibu. Watu wengi wanadhani bajeti ikishapita bungeni hela ipo mahali imekaa inasubiri mkurugenzi asaini. Hakuna kitu kama hicho ndugu zangu. Bajeti ni ruhusa ya kutumia hela ikipatikana, basi. Mwongozo na ukomo wa bajeti unatoka Hazina mwishoni mwa mwaka, sisi tunakesha kwenye PlanRep, mfumo wa kuandalia bajeti, Januari na Februari madiwani wanapitisha, Aprili bajeti ya TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, inasomwa bungeni, Juni yote inapita na Julai mosi mwaka mpya wa fedha unaanza. Siku hiyo ukifungua akaunti ya maendeleo utakuta kitabu kizuri cha bajeti na akaunti haina kitu.

Hela ya mradi wa kijiji kwa kawaida inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni ruzuku kutoka Hazina, inayokuja kwa vipande kadri makusanyo ya nchi yanavyoenda, na kipande kikubwa kina tabia ya kuingia mwezi wa tano au wa sita. Ya pili ni mapato ya ndani, na hapa ndo watu hawajui tumefikaje. Kodi ya kichwa ilifutwa 2003. Kodi ya majengo ikahamia mamlaka ya mapato TRA na tangu 2021 mnakatwa mkinunua umeme wa LUKU. Ushuru wa mazao ulikuwa asilimia 5, toka 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja halipi. Sitetei ile kodi ya kichwa mana wazee wetu walikimbizwa porini na mgambo kwa ajili yake, nasema tu halmashauri ya vijijini imebaki na mazao, minada, stendi, leseni na machinjio. Korosho zisipouzwa vizuri Oktoba mpaka Desemba, halmashauri za kusini mwaka mzima wanahema kwa shida.

Hicho kidogo kinachokusanywa, asilimia iliyopangwa kutegemea na uwezo wa halmashauri lazima iende miradi ya maendeleo, na asilimia 10 ni ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, 4 kwa 4 kwa 2. Sasa njoo kwenye kinachobaki. Tuseme robo hii imepatikana milioni 100 ya miradi na kata ziko 20. Mnadhani Baraza la Madiwani litafanya nini? Litamalizia maboma manane yaishe kabisa? Thubutu. Kila kata milioni 5, kikao kinafungwa, watu wanapiga makofi. Na kumalizia boma la darasa TAMISEMI wenyewe huwa wanaliwekea milioni 12.5. Kwaiyo milioni 5 yako inanunua mbao, inaishia hapo, mvua zinakuja, mbao zinapinda, mwaka unaofuata unaanza na mbao upya.

Hela ya UVIKO hawakuweza kuigawa namna ile, mana maelekezo yalikuja na jina la shule na idadi ya vyumba. Ikashuka yote kwa pamoja mpaka akaunti ya shule. Hilo ndo jibu langu, sasa nipigeni mawe.

Fundi Saiti

Mkuu umeongea ukweli ila umesahau kiboko. Mimi nilijenga mawili ya yale kwa ufundi tu, vifaa wananunua wao. Kila siku jioni mkuu wa shule anapiga picha anatuma kwenye grupu la WhatsApp la wilaya, kesho yake DC yuko saiti na gari tatu. Siku nyingine tulipiga zege usiku kwa taa za pikipiki aisee, kisa asubuhi anakuja mkuu wa mkoa. Bila zile presha hamna ambacho kingeisha.

Mchumi wa Mipango

Fundi kiboko nakikubali lakini kiboko tulikuwa nacho toka zamani. Kila Desemba agizo linatoka madarasa yakamilike kabla shule hazijafunguliwa, RC na DC kisheria wana uwezo wa kumuweka mtu ndani masaa 48 na sheria hiyo ni ya 1997. Wale watendaji waliolala ndani enzi zile, je maboma yaliisha? Kilichofuata ilikuwa michango, mtendaji anapita nyumba kwa nyumba na daftari, mwenye kuku anatoa kuku. 2021 kiboko kilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na kitu cha kusimamia. DC akifika akakuta saruji haipo, anauliza hela iko wapi na jibu lipo, iko kwenye akaunti ya shule. Miaka mingine akiuliza hivyo mkurugenzi anajibu "mheshimiwa tunasubiri fedha kutoka Hazina", mjadala umekufa hapo hapo.

Diwani Mstaafu

Kijana nimekusoma mpaka mwisho. Nilikaa Baraza la Madiwani vipindi viwili na huo mgao wa milioni tano tano nimeupitisha kwa mkono wangu, na leo nikirudi nitaupitisha tena. Wewe mtaalamu unaangalia boma, mimi naangalia kata. Mkisema tumalizie manane kwanza, hayo manane yatakuwa ya nani? Ya kata ya mwenyekiti wa halmashauri, ya kata ya mbunge anakotoka, na ya kata iliyo barabarani ambako wageni wanapita. Kata yangu iko ng'ambo ya mto, ningesubiri mpaka nife. Alafu mwananchi aliyebeba mawe kichwani na kufyatua tofali akiona serikali haijatia hata bati moja, mwakani ukimuita kwenye msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji, haji. Ile milioni tano ilikuwa ndogo lakini ndo iliyokuwa inaniruhusu nisimame kwenye mkutano wa hadhara.

Mchumi wa Mipango

Shikamoo mheshimiwa. Aisee hoja yako ni nzito na wataalamu wengi hatupendi kuisikia. Kweli kabisa, mgao sawa ni kinga ya kata dhaifu isimezwe. Tatizo langu ni kwamba ile kinga inafanya kila mtu awe na kipande cha mradi na hakuna mwenye mradi. Nimeona halmashauri (sio ya kwangu) madiwani wamekubaliana kwa muhtasari kabisa kwamba mwaka huu kata hizi saba, mwaka kesho saba nyingine, wakapiga kura ya siri ya makaratasi kujua nani anaanza. Ilienda vizuri mwaka wa kwanza.

Diwani Mstaafu

Na mwaka wa pili?

Mchumi wa Mipango

Mwaka wa pili ulikuwa wa uchaguzi mheshimiwa 😂 kila mtu akataka milioni tano yake.

Bint Masijala

😂😂 Hapo umemaliza. Ila mimi naomba niongelee safari ya karatasi, mana mnaongea kama hela ikiingia tu kazi imeisha. Niko masijala ya halmashauri, mafaili ndo maisha yangu. Hela ya mradi wa kawaida ikiingia makao makuu ya halmashauri, mkuu wa idara anaandika dokezo la kuomba idhini, faili linapanda kwa mkurugenzi, mkurugenzi yuko Dodoma kaitwa kikao, anayekaimu hataki kusaini mana ni hela nyingi. Akirudi anaandika pembeni "W/Hazina, tafadhali shauri", mweka hazina anashauri faili linapanda tena, "idhini imetolewa", linashuka, sasa mhasibu anaingia MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, kutengeneza malipo anakuta kasma (namba ya fungu la matumizi) iliyoandikwa kwenye dokezo sio ile iliyopo kwenye bajeti, faili linarudi mwanzo. Hapo hakuna aliyeiba wala aliyelala, kila mmoja kafanya kazi yake siku hiyo hiyo na wiki mbili zimekata. Siku hizi kuna ofisi mtandao, faili halibebwi kichwani tena, lakini anayetakiwa kubonyeza ni yule yule aliyeko Dodoma.

Hela ya UVIKO haikuzunguka sana kwenye haya madokezo, ilishuka shuleni na kule kuna kamati tatu tu, ya manunuzi, ya ujenzi na ya mapokezi. Mwenyekiti wa kamati yupo kijijini, ukimtaka unampigia yowe anakuja.

Mchumi wa Mipango

Bint Masijala umenipa kitu ambacho ningeandika kurasa nne kukieleza. Na niongezee, kushusha hela mpaka kituoni halikuwa jambo la UVIKO peke yake. Zahanati na vituo vya afya walianza 2017/18 kupokea hela za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja kwenye akaunti zao. Kabla ya hapo mganga mfawidhi alikuwa akitaka kununua glavu anaandika barua wilayani na kusubiri. Shule nazo toka elimu bila malipo ianze Januari 2016 ruzuku inaingia moja kwa moja.

Mjukuu wa Mtemi

Hizi ngonjera tu. Hela ikienda shuleni mkuu wa shule anakula, ikibaki wilayani DED (mkurugenzi wa halmashauri) anakula. Tofauti ni sahani.

Mkaguzi Mstaarabu

Mjukuu punguza hasira. Mimi kazi yangu ni ukaguzi wa ndani, nikwambie kule shuleni shida kubwa niliyokutana nayo sio wizi wa wazi. Mchukulie mwalimu wa Biolojia ambaye hajawahi kununua hata mfuko wa saruji kikazi, amepewa milioni 40 ya vyumba viwili na anatakiwa alete nukuu za bei tatu, risiti za EFD (za mashine ya kodi), akate asilimia 2 ya kodi ya zuio kwenye vifaa, aandike daftari la kupokea na kutoa vifaa, na juu ya hapo afundishe. Mchanga anaununua kwa mzee mwenye punda. Yule mzee risiti ya EFD ataitoa wapi? Basi mwalimu anaenda kwa mwenye duka mjini anamuomba ampe risiti ya mchanga, hapo tayari kaghushi nyaraka bila kula senti tano. Mimi nikija namwandikia hoja ya ukaguzi, CAG (mkaguzi mkuu wa serikali) akija anaandika hoja, mkurugenzi anaitwa LAAC, kamati ya bunge ya hesabu za halmashauri, kujieleza mbele ya wabunge. Na darasa limesimama, zuri, watoto wanasoma.

Alafu kuna suala la bei. Fikiria wilaya nzima inatafuta nondo na bati wiki moja, unadhani muuza vifaa ni mjinga? Waliochelewa wiki mbili walinunua saruji kwa bei nyingine kabisa, na milioni 20 ni ile ile kwa shule ya mjini na shule ya kisiwani ambako tofali linapanda mtumbwi.

Kev wa Nakuru

Jirani zenu wa Kenya tunawasoma tu. Huku kwetu kaunti ziko 47, katiba ya 2010 inasema zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na bado kila mwaka magavana wanalia kwamba Hazina Kuu haijatuma pesa, wafanyikazi wanangoja mshahara, kontrakta anadai mpaka anauza gari. Kwa hivyo hiyo ya "bajeti sio pesa" tunaielewa sana. Lakini madarasa yetu ya CBC, ule mtaala mpya wa umilisi, yale 10,000, serikali ilitumia makontrakta wadogo wa pale pale mashinani, na marehemu Prof. Magoha, waziri wa elimu wakati huo, alikuwa anazunguka nchi nzima akiyakagua, na ukimkosea anakusomea mbele ya kamera. Sisi kontrakta alijenga na pesa zake kwanza ndio alipwe. Nyinyi mlipata pesa kwanza. Naona yenu ilikuwa afadhali kwa fundi.

Fundi Saiti

Kev huku pia usiseme afadhali sana, ufundi wenyewe tulilipwa kidogo mpaka aibu. Lakini tulilipwa, hilo nalisema wazi.

Mwalimu wa Zamu

Mimi ni mwalimu, shule yetu ilipata manne. Hongera sana kwa serikali, ila mnasifia madarasa kama vile darasa ndo shule. Tumepata vyumba vinne na choo matundu yale yale, walimu wale wale. Hesabu za kidato cha tatu mpaka leo anafundisha kijana wa kujitolea tunayemchangia. Miezi mitatu mmeweza kujenga chumba, mwalimu wa hesabu mmeshindwa miaka yote hiyo?

Mchumi wa Mipango

Mwalimu hili ni swali zuri kuliko lote humu na linaonyesha wapi ule mtindo wa UVIKO unaishia. Darasa ni kitu cha kununua mara moja. Mwalimu ni mshahara wa kila mwezi mpaka astaafu, kwaiyo mkopo wa mara moja haumgusi. Halmashauri inaandika mahitaji kwenye ikama (orodha ya watumishi wanaohitajika), yanaenda wizara ya Utumishi, kibali kinatoka kutegemea na bajeti ya mishahara ya nchi nzima, ajira zinatangazwa kitaifa, alafu akipangwa kwenu ng'ambo ya mto anaripoti, anachukua hela ya kujikimu, miaka miwili mitatu anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Hapo DED hana anachoshika zaidi ya kuandika barua. Kila kitu kinachojengwa kwa mkupuo kinazaa gharama ya kila mwezi ambayo haikuwepo kwenye ule mkupuo, na matundu ya choo nayo yaliachwa kwa sababu lengo lililokuwa likihesabiwa ni darasa. Kisichohesabiwa kwenye grupu la WhatsApp hakijengwi.

Bint Masijala

Na kuna Juni jamani. Mkuu hujaongelea Juni.

Mchumi wa Mipango

Haya Juni. Kisheria tarehe 30 Juni saa sita usiku hela ya Hazina ambayo haijatumika inarudi mfuko mkuu, isipokuwa afisa masuuli (kwetu ni mkurugenzi) ameandika mapema kuomba abaki nayo na amekubaliwa. Sasa ruzuku yako ya mradi uliyoisubiri toka Julai inaingia Juni wiki ya tatu. Una siku chache. Kutangaza zabuni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, kuna siku zake na haziruki. Utafanya nini? Wengine wanaihamishia akaunti ya amana ili isifutwe, CAG akiikuta ni hoja. Wengine wanalipa vifaa ambavyo havijafika, hiyo ni hoja kubwa zaidi. Wengine wanaiacha irudi, na Agosti wananchi wanaambiwa "hela ilikuja ikarudi kwa uzembe wa mkurugenzi". Na wapo wanaogeuza kila kinachogeuzika kuwa semina, ndo mana mwezi wa sita kumbi za Morogoro na Dodoma zinajaa. Hawa wa mwisho siwatetei, nawajua, tunakula nao chakula cha mchana.

Ndo mana nasema ukitaka kujua halmashauri yako inafanya kazi vipi usiangalie bajeti iliyopitishwa, uliza hela iliingia tarehe gani.

Mjukuu wa Mtemi

Sawa mkuu nimekuelewa kidogo. Sasa mwananchi wa kawaida hiyo tarehe anaijuaje? Au nimpigie DED?

Mchumi wa Mipango

Huna haja ya DED. Hela ikishaingia akaunti ya shule au zahanati inatakiwa ibandikwe ubao wa matangazo, na mtendaji wa kijiji anatakiwa asome mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Mkutano usipoitishwa mfuate mwenyekiti wa kijiji. Pia diwani wako ana nakala ya taarifa ya utekelezaji ya robo mwaka, tunawapa makabrasha mazito kabla ya kila kikao cha baraza. Muombe akuonyeshe ukurasa wa kata yenu tu, kuna safu ya "kilichoidhinishwa" na safu ya "kilichopokelewa". Soma hiyo ya pili.

Diwani Mstaafu

Aende na miwani. Maandishi ya yale makabrasha ni madogo mpaka sisi tulikuwa tunapitisha kwa kusomewa.

Mwalimu wa Zamu

Na akiwa anasoma hapo hapo aangalie kama kuna choo.